Magofu, Mahame na Mashamba: Habari za Kale za Nchi ya Wakulima kutoka Tarime hadi Engaruka

Mtu akiuliza habari za magofu katika Morotonga, au popote karibu na mji wa Mugumu katika Wilaya ya Serengeti, aghalabu ataelekezwa kwenye ngome ya Ikoma, ambayo Wajerumani waliijenga kwa mawe mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo ilipiganiwa katika vita vikuu vya kwanza, mwaka 1917. Jibu hilo si kosa. Ngome ipo, kuta zake zaonekana kutoka mbali, na wazee wamepokea habari zake kwa baba zao. Lakini miongoni mwa mawe ya nchi ile ngome ya Ikoma ni mtoto mdogo. Katika vilima vya Ngoreme na vya Wakurya wa Tarime ziko kuta za mawe yaliyopangwa pasipo udongo wala chokaa. Na katika nyika ya magharibi ya Serengeti pako mahali pengi ambapo jicho la mgeni halioni ila vichaka, nalo jicho la mwenyeji huona kijiji cha babu yake. Hayo yote huachwa bila kutajwa mtu anapouliza habari za magofu, na sababu yake kubwa ni neno lenyewe.

Gofu ni neno la watu wa pwani. Husemwa juu ya nyumba iliyoanguka dari ikabaki kuta, na husemwa pia juu ya mwili uliokonda ukabaki mifupa: mtu aliyedhoofika sana huitwa gofu la mtu. Kwa hiyo penye gofu sharti pawe na kitu kilichosimama, chenye kuta na milango, kama msikiti na majumba ya Gedi au ya Kilwa Kisiwani. Neno likipelekwa bara huenda na sura hiyo. Msikiaji hutazamia mji, na asipouona mji husema hapana kitu.

Kiswahili hakikosi maneno mengine. Hame, kwa wingi mahame, ni mahali palipokuwa na watu wakahama; neno latokana na kitenzi kuhama, na halidai ukuta wala paa. Ganjo ni mahali palipokuwa na mji au shamba, pakaachwa. Maneno haya mawili yamo katika kamusi, lakini waandishi wa habari za kale za Bara wameyatumia kwa uchache mno, wakalishika gofu peke yake. Boma nalo limebeba mzigo mkubwa kupita kiasi: ni ua wa miiba wa kulaza ng'ombe, ni ukuta wa mawe uzungukao kijiji, na kwa kuwa Wajerumani waliweka maofisa wao ndani ya ngome, likawa pia ofisi ya wilaya. Hivyo katika Mkoa wa Mara neno moja laweza kutaja kazi ya mikono ya Wakurya na kazi ya jeshi lililowatawala, bila kutofautisha.

Jambo hili si la kamusi tu. Historia ya uchunguzi wa mawe ya nchi hizi huonyesha kwamba jina lililotangulia ndilo lililoamua mtu atafute nini, na mara nyingi lilimpoteza.

Yafaa kuanza upande wa magharibi, ambako habari ni nyepesi zaidi. Ng'ambo ya mpaka wa Tarime, katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Hudhaniwa kuwa zilijengwa katika karne ya 16. Ukuta mahali pengine wapita kimo cha mtu mara mbili, na unene wake ni kati ya mita 1 na mita 3. Mjenzi alipanga safu ya mawe nje na safu ya mawe ndani, akashindilia vijiwe katikati, na uzito wa mawe yenyewe ndio ulioshikilia jengo. Mlango ni mfupi, hata aingiaye sharti ainame, na juu yake limelazwa jiwe refu badala ya boriti. Ohinga katika Kijaluo ni boma lenye ukuta, lakini jina hilo halithibitishi kwamba Wajaluo ndio waliolijenga kwanza; wachunguzi wengi hukubali kwamba kuta zilianzishwa na watu waliokaa pale kabla yao, na kwamba Wajaluo walizirithi, wakazitengeneza na kukaa humo. Kuta za namna hii zimetapakaa katika nchi yote iliyo kusini ya Ghuba ya Winam, na zile za Wakurya na Wangoreme ni ndugu zake, ingawa si lazima ziwe za zamani sawa.

Mtu akizitazama kuta hizi kwa jina la ngome huona vita tu. Vita vilikuwapo, hapana shaka. Hasa katika karne ya 19, uvamizi ulipozidi, watu waliokuwa wametawanyika mashambani walijikusanya mahali palipoweza kulindwa. Lakini ndani ya ukuta palikuwa na zizi la ng'ombe, na nje yake palikuwa na shamba. Ukuta ulilinda ng'ombe na akina mama na watoto usiku. Mchana kazi ilikuwa kwenye mtama na ulezi. Shamba halikuacha jiwe, kwa hiyo halikuandikwa.

Hilo ndilo linaloifanya Engaruka kuwa na thamani ya pekee kwa mtu anayetaka kujua habari za kale za nchi hizi za wakulima, kwa kuwa huko shamba lenyewe ndilo lililoacha mawe. Njia ya kutoka Mugumu kwenda Engaruka si ya kubuni. Waikoma, ambao nchi yao iko jirani na Mugumu, husimulia kwamba asili yao ni Sonjo, na kwamba mkuu wao wa kwanza alikuwa mwindaji aliyefuata wanyama kuelekea magharibi. Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Watemi, hukaa upande wa mashariki wa nyika ya Serengeti, katika Wilaya ya Ngorongoro, nao ni wakulima wa mifereji tangu kale. Na kusini ya Wasonjo, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, baina ya ziwa Natron na ziwa Manyara, ndipo palipo na mahame ya Engaruka.

Mahali penyewe ni pakavu. Mvua ya mwaka ni chache, na mtu aliyetegemea mvua peke yake asingevuna mtama kwa hakika. Lakini kutoka kwenye nyanda za juu za Ngorongoro hushuka mto Engaruka, usiokauka, pamoja na vijito vingine ambavyo leo vingi vina maji wakati wa mvua tu. Chini ya mteremko, kwa eneo la hekta zipatazo 2,000, ardhi imegawanywa kwa mistari ya mawe kuwa vitalu, kila kimoja kimesawazishwa ili maji yasimame bila kukimbia. Baina ya vitalu imepita mifereji iliyojengewa mawe kandokando. Mifereji mikubwa hutoka mtoni, midogo hutoka katika mikubwa, na mteremko wake ni mdogo sana, jambo linaloonyesha kwamba aliyeichimba alijua kupima kwa jicho. Penye mwinuko pamejengwa matuta ya ngazi. Mawe yaliyozidi yalikusanywa katikati ya mashamba yakapangwa kuwa malundo, na malundo hayo si takataka iliyotupwa: kando zake zimejengwa wima kwa mawe yaliyochaguliwa, ili yachukue nafasi ndogo iwezekanavyo katika ardhi ya kulima.

Watu hawakukaa shambani. Juu kidogo, kwenye mteremko wa ukuta wa Bonde, ziko alama za vijiji saba, kila kimoja kikiwa na majukwaa ya mawe ambayo juu yake palisimama nyumba za miti na nyasi. Nyumba hazipo tena, majukwaa yapo. Kwa hiyo ardhi iliyopata maji haikupotezwa kwa makao, na maji yenyewe yalipita karibu na vijiji kabla ya kufika mashambani. Ng'ombe walikuwapo, lakini si wengi, na inaonekana walifungwa katika mazizi ya mawe wakalishwa humo, samadi ikapelekwa kwenye vitalu. Punje za mtama zilizoungua zimepatikana katika uchimbaji. Zamani za kazi yote hii huhesabiwa kutoka karne ya 15, au mapema kidogo, hadi karne ya 18.

Mgeni wa kwanza wa Ulaya kuandika habari za mawe haya alikuwa Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapo mwaka 1883. Hans Reck aliyaona mwaka 1913. Kisha mwaka 1935 Louis Leakey alitumwa na Serikali ya Tanganyika kuyachunguza, na taarifa yake ikachapishwa katika toleo la kwanza la Tanganyika Notes and Records, mwaka 1936. Leakey alihesabu majukwaa ya mteremko akakadiria nyumba zaidi ya 6,000, na kutokana na hizo akapata wakazi zaidi ya 30,000. Hapo ndipo Engaruka ilipogeuka kuwa mji. Habari ya mji mkubwa uliopotea ndani ya Afrika ilipendeza wasomaji, ikaingia katika vitabu vya watu wote, na kila aliyeisoma aliuliza swali moja: mji mkubwa namna hii ulijengwa na nani?

Swali hilo lilikuwa na sumu ndani yake. G. W. B. Huntingford, mwaka 1933, alikuwa amekwisha kutoa nadharia ya ustaarabu mmoja wa kale alioupa jina la Azania, ambao watu wake walijenga kwa mawe, wakachimba mashimo na barabara, kisha wakatoweka. Mwaka 1959 George Peter Murdock alitoa jawabu lililofanana na hilo, akiyahesabu matuta ya ngazi na kuta za mawe kuwa kazi ya Wakushi wa zamani. Nadharia hizi zilikuwa na jambo moja la kufanana: wajenzi walikuwa watu wengine, si mababu wa hawa wanaoonekana leo wakishika jembe. Aliyekuta Wasonjo wakigawana maji kila siku, kwa mifereji iliyofanana na ile ya Engaruka, alipaswa kuuliza kwao kwanza.

Uchimbaji wa Hamo Sassoon, mwaka 1964 na mwaka 1966, ulianza kuirudisha habari ardhini, maana yeye alichimba majukwaa na mawe ya bondeni pia, akapata vyungu na mabaki ya maisha ya kila siku. Kisha John Sutton, kwa miaka mingi, aliipima mifereji na vitalu, akaonyesha kwamba Engaruka haikuwa mji wenye mashamba pembeni, bali ilikuwa shamba kubwa lenye vijiji pembeni. Hesabu ya watu ikashuka hadi maelfu machache, kwa sababu majukwaa hayakukaliwa yote wakati mmoja. Katika karne hii Daryl Stump na wenzake wameongeza jambo lingine lenye uzito: vitalu havikujengwa kwa amri moja na kwa ramani moja. Upande wa kaskazini hasa, wakulima walijenga vizuizi vya mawe katika njia ya maji ya mafuriko, tope likanaswa nyuma yake, na mwaka hata mwaka tope likawa udongo mzuri wa kina kirefu. Yaani sehemu ya ardhi ya Engaruka haikukutwa, ilitengenezwa. Kazi kama hiyo haihitaji mfalme. Yahitaji jirani asiyemwibia jirani maji.

Kuhusu namna majirani walivyoweza kupatana, mfano wa karibu ni wa Wasonjo. Robert F. Gray, aliyeandika kitabu juu yao mwaka 1963, ameeleza kwamba maji ya kila kijiji yalikuwa chini ya baraza la wazee waitwao wenamiji. Wao walikuwa na haki ya kwanza ya zamu ya maji kwa kurithi. Wasiokuwa na haki hiyo walipata zamu kwa kuomba na kutoa malipo. Jina lao litamshtua mtu anayejua Kiswahili, kwa kuwa laonekana wazi kuwa ni wenye miji. Wala yafaa lisishtue mno. Mji katika lugha nyingi za Kibantu ni makao ya watu wa jamaa, uwe wa nyumba tano au mia tano, na Kiswahili chenyewe kimehifadhi maana hiyo katika mwenyeji. Watu wa pwani, kwa kuishi katika majumba ya mawe, ndio waliolipanua neno mpaka likawa jina la mahali kama Mombasa. Kwa hiyo aliyeandika kwamba Engaruka palikuwa na mji hakukosea Kibantu. Alikosea kwa kutafsiri neno hilo kwa maana ya pwani na ya Ulaya.

Je, watu wa Engaruka walikuwa Wasonjo? Hapa lugha hutoa ushahidi, nao hauendi upande mmoja. Derek Nurse na Franz Rottland waliichunguza lugha ya Wasonjo, na matokeo yake, yaliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, yaliiweka pamoja na lugha za Kenya ya kati, kama Kigikuyu na Kikamba. Kiikoma, pamoja na Kinata na Kiisenye, kiko katika kundi la lugha za Mara, jirani ya Kikurya na Kingoreme. Basi Waikoma husema wametoka Sonjo, na lugha yao yasema imetoka kwingine. Mtu mwenye haraka atachagua mmoja kuwa mwongo. Lakini habari ya mwindaji mmoja aliyevuka nyika haisemi kwamba taifa zima lilihama na lugha yake. Yaweza kusema kwamba watu wachache walifika, wakaoa, na watoto wao wakasema lugha ya mama zao. Masimulizi ya Wanata, majirani wa Waikoma, yanaelekea huko huko: baba wa kwanza, Nyamunywa, alikuwa mwindaji, na mama wa kwanza, Nyasigonko, alikuwa mkulima. Shamba lilikuwapo kabla ya mwindaji kufika, nalo lilikuwa la mwanamke. Masimulizi hayo yamekusanywa na kufafanuliwa na Jan Bender Shetler katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya kumbukumbu za watu wa Serengeti.

Kwa hiyo kufanana kwa mifereji ya Engaruka na ya Sonjo hakuthibitishi udugu wa damu, kama vile kutofanana kwa Kisonjo na Kiikoma hakukanushi masimulizi ya wazee. Sutton alikuwa mwangalifu katika jambo hili, wala hakulazimisha kabila moja. Wajenzi wanaweza kuwa walisema lugha isiyosemwa tena, na wajukuu wao wakawa leo miongoni mwa Wasonjo, Wairaqw na hata Wamaasai, maana wakulima walioshindwa na maji hawakufa wote. Waliingia katika jamaa za wengine.

Sababu ya kuhama kwao haiwezi kuwa moja. Vijito vilipungua, na mashamba yalikuwa yamefika mwisho wa maji. Wafugaji wa Kimaasai waliposhika nchi ya bondeni, mkulima aliyefungwa na mfereji wake hakuwa na pa kukimbilia ila kuuacha. Jina la Engaruka lenyewe, kama majina mengi ya jirani, limekuja kwa Kimaasai, na jina lililoitwa na wakulima limepotea pamoja nao. Lakini kilimo cha mifereji hakikufa mahali pale: karibu na mto, katika kijiji cha Engaruka Juu, wakulima wa leo hunyunyizia mahindi, maharage na migomba kwa maji yale yale, na mawe ya zamani hung'olewa mara kwa mara ili kujengea mifereji mipya. Mhifadhi wa mambo ya kale huhuzunika. Mkulima hana jiwe lingine.

Upande wa Serengeti mambo yalikwenda vingine. Hapakuwa na mifereji ya mawe, na mashamba yalitegemea mvua na mbolea ya mazizi. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, njaa na ndui zikafuata, na watu waliobaki walikimbilia penye usalama. Vichaka vikafunika mashamba, na vichakani wakaingia mbung'o, ambao waliwazuia wenyewe kurudi na mifugo yao. Wageni waliofika baadaye waliiona nchi hiyo kuwa pori la tangu kuumbwa kwa dunia. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951 na mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959, na ndani yake yakabaki mahame ya Waikoma na majirani wao: vilima vyenye majina, chemchemi zilizokuwa za koo, na mahali pa matambiko. Kwa sababu hapana ukuta, haikuandikwa kwamba pana magofu. Na pasipoandikwa magofu ni rahisi kusema kwamba hapakuwa na watu. Wazee wanaodai kwenda kutambika huko huulizwa ushahidi wa kuonekana kwa macho, nao wanao majina tu.

Majina hayo ndiyo yanayostahili kukusanywa sasa, pamoja na maneno ya kazi ambayo Kikurya, Kingoreme, Kiikoma na Kisonjo yanayo na Kiswahili bado hakijayapokea: la ukuta wa mawe makavu, la lundo la mawe ya shambani, la kijiji kilichohamwa ambacho bado chatambikiwa, la shamba lililopumzishwa na la shamba lililoachwa kabisa. Kiswahili kimekwisha kufanya hivyo kwingine. Neno mfongo, la mfereji wa Wachaga, na ndiva, la bwawa la Wapare la kukusanyia maji ya usiku, huandikwa leo katika Kiswahili bila kufasiriwa, kwa kuwa hakuna neno la pwani linalotosha. Engaruka, yenye mifereji mingi kuliko mahame yoyote ya Tanzania, yaandikwa kwa neno gofu, na katika lugha za Mara hata orodha ya maneno ya mawe haijaingia katika kamusi ya Kiswahili.